Usiandike tu "mama wa nyumbani": namna ya kuandika wasifu wa mama aliyeuza maandazi miaka 31

Siku tunamzika mama pale Korogwe wasifu wake ulisomwa haraka haraka, mimi nilikuwa ndani na wanawake wenzangu nasikilizia dirishani. Jina, mwaka wa kuzaliwa ambao ulikosewa, aliolewa na nani, kaacha watoto sita na wajukuu kadhaa, kaugua nini, kalazwa wapi, kafariki saa ngapi. Kazi: mama wa nyumbani. Hapo ndo nililia kuliko nilivyolia nilipopigiwa simu. Maana huyo mama wa nyumbani alikuwa anaamka saa tisa usiku kuumua unga, saa kumi na moja alfajiri yuko stendi na beseni lake, na hiyo ndo kazi iliyotusomesha wote sita.

Simlaumu kaka yangu aliyeandika. Aliandika usiku ule ule karatasi iko juu ya goti, huku anaulizwa sanda, anaulizwa turubai, anaulizwa nani kaenda kuchimba. Misiba yetu sisi Waislamu haisubiri, mtu akifa alfajiri alasiri yuko kaburini. Kwa hiyo nikawaomba ndugu zangu wanipe mpaka arobaini nitaandika upya, na itasomwa siku ya hitma. Walikubali. Haya ninayoandika hapa ndo niliyojifunza kwenye zile siku, nayaandika kwa yeyote ambaye mama yake au shangazi yake au bibi yake alikuwa mtu wa kazi kwenye mji mdogo, awe aliuza samaki, alishona, alilima vibarua, alipika mama lishe, yoyote ile. Wakristo nao wana arobaini yao na siku ya kuweka msalaba, kwa hiyo muda ni huo huo.

Anza na vitu, watu watafuata

Hili nalisema kwa mkazo kwa sababu vitu vinaondoka mapema. Matanga yakiisha tu wanagawana nguo, shangazi anachukua kanga mbili za kumkumbuka wifi yake, mpwa anabeba sufuria, na hakuna mwenye kosa hapo, ndo desturi. Lakini kabla hawajagawa chukua simu upige picha kila kitu chake cha kazi, kimoja kimoja, kwenye mwanga wa nje, juu na chini. Weka kiberiti pembeni ya kila kitu ili baadaye mtu ajue ukubwa.

Mimi nilipiga karai lake. Kwa mbali ni karai jeusi kama yote. Ukilishika ndo unaona mdomo wake upande mmoja umelika mpaka umekuwa mwembamba kama sarafu, ule upande aliokuwa anagongea mwiko kukung'uta mafuta kila akiepua. Upande mwingine bado ni mnene. Nikakaa na lile karai nusu saa, nikajua hapa kuna kitu ambacho wasifu wa kwanza haukukisema.

Kingine kilikuwa nyuma ya mlango wa jiko. Mama hakupelekwa shule, alikuja kusoma ukubwani kwenye kisomo cha elimu ya watu wazima, na kabla ya hapo madeni ya wateja alikuwa anayaandika kwa mkaa kwenye ubao wa mlango. Vijiti vijiti. Kila mdeni ana alama yake: gurudumu ni fundi baiskeli, kofia ni mlinzi wa bohari, samaki ni mama muuza dagaa. Hata alipojua kuandika hakuacha alama zake. Sisi tulikua tunaiona ile michoro na hatukuwahi kuiuliza. Mlango wenyewe ulikuwa unataka kung'olewa kuwekwa geti la chuma, nikawahi nikaupiga picha asubuhi jua likiwa limelala upande, maana jua la upande linatoa alama hafifu vizuri kuliko la saa sita.

Halafu karatasi. Akina mama hawa hawatupi karatasi, wanazifunga kwenye kitambaa au mfuko wa plastiki chini ya nguo kwenye sanduku. Kadi za kliniki za watoto zina tarehe. Stakabadhi za ada zina tarehe na kiasi. Kadi ya chama, kitabu cha benki ya posta, cheti cha kisomo, picha za studio zenye muhuri nyuma. Usizitoe pale zilipo bila kupiga picha jinsi zilivyopangwa, maana mara nyingi vilivyofungwa pamoja ni vya kipindi kimoja.

Miaka utaipataje

Watu wa umri wa mama hawakuzaliwa hospitali na hawana cheti, na mwaka ulioandikwa kwenye kitambulisho mara nyingi ulikisiwa siku ya kujiandikisha. Usiulize "ilikuwa mwaka gani", utapata jibu la kukufurahisha tu. Uliza kulikuwa na nini.

Kwa Tanganyika na Tanzania kuna mambo ambayo kila mzee anayakumbuka alikuwa wapi: Uhuru Desemba 1961, Muungano Aprili 1964, Azimio la Arusha 1967, njaa ya 1974 na unga wa njano walioubatiza yanga, vita vya Kagera 1978 mpaka 1979, msako wa wahujumu uchumi 1983, kifo cha Sokoine Aprili 1984, Mwinyi kuingia mwishoni mwa 1985, kuzama kwa MV Bukoba Mei 1996, mvua za El Nino 1997 kuingia 1998, kifo cha Mwalimu Oktoba 1999. Andika hii orodha kwenye karatasi uwe nayo mkononi ukimhoji mtu.

Kwa mama yangu ilienda hivi. Kitambulisho kilisema 1958. Lakini mdogo wake, mjomba wetu, akasema siku ya Uhuru mama ndo alimbeba mgongoni kwenda kuangalia ngoma. Mtoto wa miaka mitatu hambebi mwenzake, kwa hiyo hapo alikuwa na kama miaka minane, tisa, tukarudi nyuma tukapata 1952 au 1953. Halafu shangazi akasema mzaliwa wa kwanza, yaani dada yetu mkubwa, alizaliwa wakati wanakula yanga. Kadi ya kliniki ikasema 1974. Vikakubaliana. Kwenye wasifu tukaandika "alizaliwa takribani mwaka 1953", na neno takribani si aibu, ni uaminifu.

Jifunze pia historia ya sehemu yenyewe, angalau kidogo, kwa sababu ndo inaeleza KWA NINI mtu alifanya alichofanya. Babu yetu alikuja Tanga kama manamba, yaani kibarua wa mkataba, kutoka kusini, Songea, kukata mkonge. Kipande chake, yaani kadi ya kazi, kilikuwa siku 30 za kazi, ukikosa siku haihesabiwi mpaka uijazie. Mama kazaliwa kambini, na alipopata nguvu akaingia kuanika singa, zile nyuzi za mkonge. Mkonge wa nchi hii ulifika kilele 1964, tani kama 230,000 kwa mwaka, halafu kamba za nailoni zikaua bei, na miaka ya sabini mashamba yakawa yanapunguza watu. Mama alipunguzwa. Bila kujua hilo ungeandika "aliamua kufanya biashara" kana kwamba aliamka siku moja akatamani karai. Hakutamani. Alikuwa na watoto watatu na mshahara umekatika, akakopa unga wa ngano kwa Mhindi mwenye duka kwa mali kauli, akaenda kuuza maandazi stesheni kwa abiria wa treni, na mabasi yalipozidi barabarani akahamia stendi. Ilikuwa 1979, wanajeshi wanarudi kutoka Uganda, hiyo tarehe nilipewa na mama mmoja ambaye mume wake alikuwa ni mmoja wao.

Watu wa kuwahoji, na maswali

Kosa nililofanya mwanzoni ni kuwahoji ndugu tu. Ndugu wanajua nani kamuoa nani na nani hakuhudhuria harusi ya nani, kazi yake hawaijui sana kwa sababu wakati anafanya kazi wao walikuwa wamelala. Wanaoijua ni hawa: aliyekuwa anauza naye bega kwa bega, hasa mshindani wake, makondakta na matingo wa zamani, aliyempa mali kwa mkopo, aliyemkatia kuni, wenzake wa kucheza upatu, na watoto wa shule wa wakati ule ambao sasa ni watu wazima wenye vitambi na waliokula maandazi ya deni. Mshindani wake wa upande wa pili wa stendi alinipa masaa mawili mazima. Hawakuwa marafiki, lakini mtu ambaye amekutazama miaka ishirini akitaka kukuzidi anakujua kuliko dada yako.

Ukienda kwa mzee nenda na kilo ya sukari au sabuni, shikamoo yako kwanza, ukae, unywe utakachopewa. Usitoe simu umeingia tu. Mweleze unataka nini, muombe ruhusa ya kurekodi, akikataa andika kwenye daftari. Akikubali weka simu kwenye hali ya ndege (airplane mode) ili mtu asipige katikati, ilaze juu ya kanga iliyokunjwa kwenye mkeka maana ikiwa juu ya meza kila akigusa kikombe inagonga, na useme mwanzoni tarehe, mahali na jina la anayezungumza, usije ukawa na sauti kumi hujui ni za nani. Akikosea mwaka usimkatize. Akinyamaza na wewe nyamaza, mara nyingi lile jambo lenyewe linakuja baada ya kimya.

Sasa maswali. Ukiuliza "mama alikuwa mtu wa namna gani" utajibiwa alikuwa mchapakazi, mcheshi, mpenda watu, Mungu amlaze pema. Kila marehemu anaambiwa hivyo, na mchapakazi ni neno ambalo limesomwa kwenye kila kaburi mpaka limechoka. Uliza kitu ambacho kinamlazimisha mtu kuona. Alikaa upande gani wa stendi, asubuhi jua linampiga usoni au mgongoni? Beseni alifunika na nini? Alikuwa anaitaje wateja, au hakuita kabisa? Basi likichelewa alifanya nini na mikono yake? Kilo ngapi za ngano kwa siku? Mvua ikinyesha alikimbilia wapi? Alikula nini yeye mwenyewe? Mtu akimwambia hana hela alimjibu nini, maneno yenyewe?

Hapo ndo nilijua mambo. Kwamba stendi hakuna aliyejua jina lake, walimwita Mama Iliki, kwa sababu aliagiza iliki ya milima ya Amani kwa watu wanaoshuka nayo Muheza na akaisaga nyingi kuliko wenzake, na abiria wa Arusha walikuwa wanachungulia dirishani wanamuuliza kwa jina hilo. Kwamba miaka ya themanini mwanzoni ngano na sukari zilipopotea kabisa na watu wanapanga foleni RTC, yale maduka ya serikali ya mkoa, alikaanga mihogo na vitumbua vya mchele wa kuokota, hakukaa nyumbani hata wiki moja. Kwamba hakuita wateja. Alikuwa anafunua tu kona ya kitambaa harufu itoke, halafu anafunika. Hii ya mwisho nilisimuliwa na kondakta mstaafu, na aliponionyesha kwa mkono wake jinsi alivyofunua, polepole kwa vidole viwili, nilimwona mama kabisa.

Kama una ndugu nje mpe kazi. Dada yangu yuko Maskati, hakuweza kuja kuzika na lilikuwa linamuumiza sana, nikampa wazee wote wa Songea awahoji kwa voisi za WhatsApp usiku akimaliza kazi zake. Alifanya vizuri kuliko mimi, kwa sababu kwa voisi mzee anajibu kwa wakati wake akiwa peke yake.

Piga hesabu

Hili watu hawalifanyi, na mimi naona ndo kiini. Kazi ya mwanamke wa mji mdogo haina mshahara wa kuonyesha wala cheo, kwa hiyo ihesabu. Mama alikuwa anakanda kilo nne za ngano, kilo moja kwa ukubwa wake inatoa maandazi 25, hiyo mia kwa siku. Siku sita kwa wiki, 600. Mwaka 31,200. Kuanzia 1979 mpaka 2010 miguu ilipokataa ni miaka 31, inakuja 967,200. Tukatoa miezi ya uzazi, misiba, homa, miaka ya ngano kupotea, kipindi cha mvua kubwa, tukatoa kwa ukarimu ili asije mtu akasema tunamsifia, ikabaki zaidi ya laki saba. Tukaandika hivyo, "zaidi ya maandazi laki saba, kila moja limepita kwenye vidole vyake". Siku ya hitma lilipofika hilo sentensi kuna mzee mmoja alisema "allahu akbar" kwa sauti.

Wako alikuwa anachota maji kwa ndoo? Hesabu safari na umbali. Alishona sare za shule? Hesabu darasa kwa darasa. Alilima kwa jembe? Uliza hatua za shamba.

Cha kuweka na cha kuacha

Hapa kaeni ndugu wote, ana kwa ana ikiwezekana, si kwenye grupu, kwenye grupu neno moja linachukuliwa vibaya na watu wanatoka. Msimamo wangu: ugonjwa taja kwa neno moja au usitaje kabisa, hauhusiki na maisha yake, na ni siri yake. Mambo ya kiwanja na nani alimkosea nani, acha. Namba za kitambulisho na za simu zisiwe popote.

Ila shida usiifiche. Kwetu kulikuwa na mvutano hapo. Wakati wa El Nino mabasi yalikuwa hayapiti, barabara zimekatika, stendi imelala, na mama alifua nguo za watu miezi minne ili kaka asirudishwe nyumbani kutoka shule. Kaka huyo huyo ndo hakutaka iandikwe, akasema tutamdhalilisha mama. Tukabishana sana. Mwisho nikamuonyesha stakabadhi ya ada ya muhula ule, imekunjwa mara nne, bado ina alama ya kulowa. Akaishika muda mrefu. Akasema andika.

Kuandika na kusoma

Usianze na "marehemu alizaliwa". Anza na asubuhi yake moja, anaamka saa ngapi anashika nini kwanza, watu wakishamwona ndo uwape mwaka na wazazi. Sisi tulianza hivi (Manundu ni kata ya hapo Korogwe): "Saa tisa usiku Manundu yote imelala, taa moja ya kibatari inawaka. Mama anatupa kipande cha donge kwenye mafuta, kikipanda juu haraka anaanza kukaanga." Baada ya hapo hata tarehe zinasikilizwa. Sentensi ziwe fupi maana zitasomwa kwa sauti, na msomaji anaweza kushikwa na kilio katikati. Nilipima, mimi nikisoma taratibu maneno 500 yananichukua kama dakika tano, na msibani dakika tano ndo za heshima, ukienda zaidi shehe au mchungaji anaanza kuangalia saa. Orodha ya watoto na wajukuu weka mwisho, na majina uyahakiki mara mbili, mjukuu aliyesahaulika hasahau. Jina lake la kuzaliwa litajwe, la stendi litajwe, si "Mama fulani" peke yake.

Peleka steshenari waprinti herufi kubwa, namba 16, upande mmoja wa karatasi. Asome mwenye sauti, si lazima mwenye shahada. Na tafadhali angalieni inasomewa wapi. Kwetu wanawake hawaendi makaburini, kwa hiyo wasifu ukisomwa kule wale walioijua kazi yake hawasikii kitu, wako nyumbani na masufuria. Usomwe nyumbani kabla jeneza halijatoka, au kama sisi kwenye hitma, spika moja igeuzwe upande wa akina mama.

Sauti na picha zote nimezihifadhi sehemu tatu, kwenye simu, kwenye barua pepe na kwenye flashi iliyoko kwa mjomba, maana simu inaibiwa. Picha za karatasi nimeandika nyuma kwa penseli, kalamu ya wino inapenya. Na kopi za wasifu tulitoa 40, kila moja ina ukurasa wa mwisho mtupu, kwa makusudi. Hitma imeisha, watu wanakunja mikeka, yule mama wa upande wa pili wa stendi akanifuata na kopi yake. Akaniambia mwanangu umeandika vizuri ila kuna mahali umekosea, mama yako hakuanza na beseni, alianza na ungo, yale maandazi yalikuwa yanaingia vumbi, beseni nilimuuzia mimi na alinilipa kidogo kidogo miezi mitatu. Nikatoa penseli nikaandika pale pale nimeegemea ukuta. Akasubiri nimalize, halafu akasema andika na bei, akanitajia.